Televisheni ya Siku ya Nikahi

Mjukuu wangu amenunua televisheni pana kama mlango, lakini haitumii kutazama televisheni. Ameiunganisha na kompyuta yake kwa waya mweusi, na kutwa anafanyia kazi humo: michoro ya nyumba za watu, barua, na mambo mengine nisiyoyajua. Siku aliponiita nikaone ajabu hiyo, alitazamia nipige ukelele. Nilimwambia nimeshaona televisheni ikitumiwa kwa kazi isiyokuwa yake, tena kabla babake hajazaliwa. Alicheka, akadhani bibi yake keshazeeka. Sikumweleza zaidi. Kuna mambo ambayo mtu hayasemi mbele ya wajukuu, ila anaweza kuyaandika.

Mwaka nilioolewa, uhuru ulikuwa bado mpya na Mombasa haikuwa na matangazo ya televisheni. Nairobi walikuwa nayo. Sisi tulikuwa na redio, na waliosafiri walitusimulia wakaongeza chumvi. Lakini ami yangu, ndugu wa baba, alikuwa fundi katika duka la redio nje kidogo ya Mji wa Kale, na tajiri wake alikuwa ameagiza televisheni kubwa iliyokaa ndani ya kabati la mbao lenye miguu minne. Kwa vile hakukuwa na cha kutazama humo, aliagiza na kamera. Kamera ikiunganishwa na televisheni kwa waya, kile inachokielekea ndicho kinachoonekana kwenye kioo. Waliiweka dirishani pa duka, na watu wakawa wanasimama njiani kujitazama wenyewe wakitafuna karanga. Hata wakubwa wa mtaa wa Kizingo walikuja na magari yao, wakateremka, wakajitazama, wakaondoka.

Ami alipotusimulia, nyumba nzima ilicheka. Mimi nilisikia, nikaendelea kuchambua mchele.

Wakati huo nilikuwa na ganzi. Sina neno jingine la kulitaja jambo lile. Mamangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na sikumlilia. Nilikaa matangani nimejifunika leso, wanawake wakinitazama kwa pembe ya jicho wakingoja machozi, machozi hayakuja. Wako waliosema nina moyo wa jiwe. Shangazi yangu akawajibu, "Mwateni, litamtoka lenyewe." Halikunitoka. Nilikula nilipoambiwa nile, nilioga nilipoambiwa nioge. Posa ilipoletwa niliipokea kama mtu anayeambiwa kwamba kesho ni zamu yake ya kufua.

Mchumba alikuwa mtu wa jamaa zetu wa mbali, amekulia Malindi, na alikuwa ameanza kusomesha katika shule moja ya Tononoka. Sikuwahi kumuona. Siku zile msichana wa mtaani kwetu Kuze akishavunja ungo alitawishwa ndani, na nje alitoka kwa buibui na kwa ruhusa. Lakini watu hawakuwa wajinga. Posa ikija, mama wa msichana alijua la kufanya: alimwalika mchumba kwa kisingizio fulani, akamkalisha sabuleni, kile chumba cha mbele cha wageni wanaume, kisha akampitisha binti yake nyuma ya pazia lenye upenyo. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, na hakuna nyumba ambayo halikufanyika. Ilikuwa kazi ya mama. Kwetu mama hayupo, na wengine wote walidhani kuna mwingine atakayeifanya.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Qurani, mtu wa haya sana. Siku moja baada ya alasiri alikuja akasimama nje ya chumba changu, upande wa pili wa pazia, akakohoa.

"Mamako angalikuwako angalikufanyia mipango ya kumuona," alisema. "Miye siyajui mambo haya, na naona haya kuyauliza. Lakini sitaki uuziwe mbuzi kwenye gunia."

Baba akakohoa tena.

"Watu husema kimya cha mwanamwali ni ridhaa. Na sharia yasema hivyo. Lakini wewe umekuwa kimya mwaka mzima, mwanangu. Miye siwezi kukijua kimya chako kina nini ndani. Siku hiyo nitakuja kukuuliza, na nataka nisikie neno. Ukinyamaza, sikuozi, watu na waseme."

Aliondoka bila kungoja jibu. Nilibaki nimekaa kitandani nikitafuta ndani yangu kama lipo neno lolote, la kukubali au la kukataa, nisilione. Nilijua kwamba nikinyamaza nitamuaibisha baba mbele ya mji mzima, na kwamba nikisema ndiyo bila kuwa nayo nitakuwa nimemdanganya. Hilo ndilo jambo pekee lililonisumbua katika harusi yangu. Mapambo, vyombo, biriani, yote hayo yalikuwa ya watu wengine.

Ami ndiye aliyeleta rai ya televisheni. Alimwambia baba kwamba atamwomba tajiri wake mashine ile kwa siku moja. Kamera itawekwa walipo wanaume, televisheni walipo wanawake, na bibi harusi atamuona mumewe kabla ya kuulizwa. Baba alisema kamera haiingii msikitini, hilo lisizungumzwe. Basi wakaafikiana nikahi isomwe katika sabule ya jirani wa mkabala. Nyumba zetu zilitenganishwa na kichochoro chembamba kiasi kwamba bibi yangu na jirani yule walikuwa wakipeana chumvi dirishani.

Upande wa bwana harusi walipelekewa habari, wakaridhia. Angalau ndivyo tulivyoambiwa.

Siku yenyewe mahamali wawili waliipandisha televisheni ngazini wakitukana kwa sauti ya chini kwa kuwa nyumba ilijaa wanawake. Ami alipitisha waya kutoka dirisha letu hadi la jirani, akaufunga kwenye nondo kwa kamba ya katani. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mkeka, piko nyeusi na hina zimekauka mikononi na miguuni, somo wangu pembeni. Somo ndiye mwanamke aliyepewa kazi ya kunifunda na kunisemea, kwa sababu bibi harusi hasemi. Chumba kilinuka udi, asumini na jasho la wanawake wengi.

Kioo kiliwaka kijivu, kikatetemeka, mistari ikapanda na kushuka. Kisha tukaona chumba cha jirani, tunachokijua sote, lakini kimekuwa cha rangi ya majivu, na ndani yake wanaume wamekaa.

Bibi yangu alivuta leso yake upesi akajifunika uso mpaka puani.

"Watuona?" aliuliza.

"Hawatuoni, bibi," alisema shangazi. "Sisi ndio tuwaonao."

"Unajuaje? Mato hayana pazia," akasema bibi, akimaanisha macho, na wanawake kadhaa, waliokuwa wakicheka hapo awali, wakatafuta leso zao nao pia. Basi tukaitazama televisheni tumejitanda kama tuliokaa barazani mbele za watu.

Katikati ya picha kulikuwa na zulia na mito miwili iliyotiwa foronya za hariri, na juu yake amekaa kijana mmoja aliyevaa joho. Kofia yake ya kazi ya mkono ilikuwa mpya, imemkaza. Somo, ambaye naye hakuwahi kumuona, alinigusa bega akasema, "Ndiye huyo." Vigelegele vikalia mpaka nje.

Nilimtazama kwa kuwa niliambiwa nitazame. Alikuwa mpana wa mabega, na hakuwa ametulia. Joto lilikuwa kali na kofia ilimuwasha. Nikamuona anainyanyua kidogo kwa mkono mmoja, anaingiza kidole kimoja chini yake, anajikuna, kisha anatazama kushoto na kulia kama kuna aliyemuona. Alipoona hakuna, alicheka peke yake.

Ni jambo dogo. Nimelifikiria miaka mingi na bado naona ni jambo dogo. Lakini mtu yule alikuwa amekaa siku ya harusi mbele ya masheikh na wazee, na kichwa kinamuwasha, na amejikuna, na amecheka. Kitu kilinipanda kifuani. Nikawaza: mamangu angempenda huyu. Na lilikuwa wazo la kwanza juu ya mamangu, tangu azikwe, ambalo lilikuwa na uchungu ndani yake. Nilishukuru kuusikia uchungu ule.

Mara tukasikia baba anakohoa nje ya pazia. Amevuka kichochoro na mashahidi wawili. Wanawake wakanyamaza.

"Mwanangu," alisema, "umeridhia nikuoze kwa mtu huyu, kwa mahari tuliyoafikiana?"

Somo alikwisha fungua kinywa kusema yale wasemayo masomo wote, kwamba amenyamaza, ameridhia.

"Nimeridhia, baba," nilisema.

Nilisema kwa sauti. Sauti yenyewe ilitoka kavu kwa kukaa sana bila kutumika, lakini ilifika nje. Nilisikia mwanamke mmoja akisema, "Yallah, siku hizi!" Baba aliposema "Alhamdulillahi" sauti yake ilikuwa imebadilika, na nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi upesi kuliko kawaida.

Nikahi yenyewe sikuiona. Wanaume waliposogea kumkaribia sheikh, kioo kilijaa migongo ya kanzu nyeupe, ikabaki hivyo mpaka mwisho. Tukaijua imekwisha kwa kelele za dirishani. Ami alikuja kuchomoa waya, uso wote meno, akaniuliza kupitia kwa shangazi kama picha ilikuwa safi. Shangazi akamwambia safi.

Baada ya isha bwana harusi aliletwa nyumbani kwetu. Nilikuwa nimekaa kitandani, macho chini kama nilivyofundwa. Nikaona miguu inaingia, myembamba. Mkono ukawekwa juu ya utosi wangu na dua ikasomwa kwa sauti ya polepole, ya mtu anayehakikisha kila herufi imetoka mahali pake. Dua ilipokwisha niliinua macho.

Alikuwa mtu mwingine. Mwembamba, mwenye miwani, mrefu wa shingo, joho limemzidi mabegani. Nilidhani ni jamaa aliyetangulia, nikatazama nyuma yake nimngoje yule. Nyuma yake kulikuwa na mlango, na somo, aliyejitanda na kugeuza uso kama wanawake wote waliompisha, alikuwa anaufunga kutoka nje.

Akakaa mbali kidogo na mimi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nimeambiwa umetamka," alisema. "Wameniambia ulisema kwa kinywa chako, na wengi hawasemi. Nimefurahi sana. Umeniona, ukaniridhia."

Nilimtazama. Nilitafuta hasira, nikatafuta hofu, sikupata kitu. Kilichonipanda kifuani alasiri kilikuwa kimeshashuka, kimerudi kilikotoka, na ganzi imekaa mahali pake kana kwamba haikuondoka.

"Naam," nilisema.

Asubuhi mama mkwe alikuja na sinia la vitumbua na furaha tele. Mume wangu alikuwa msikitini. Alinikumbatia, akakaa karibu yangu, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mkwe wake zawadi, alivyomwokoa mwanawe.

"Chumba kizima cha wanawake kimtizame mwanangu mmoja? Mato yote yale? Si kijicho kile? Nikamwita rafiki yake aliyekuya naye kutoka Malindi, nikamwambia, mwanangu, una joho lako, kaa weye pale kwenye mito. Na wangu nikamkalisha nyuma ya nguzo mpaka aitwe kuozwa; wanaume wenu wakadhani yule wa kwenye mito ni mpambe tu. Kijicho chote kimemwangukia yule mwingine, na yule ana kifua, halimpati neno."

Aliteka, yaani alicheka kile kicheko cha Kimvita kinachoanza tumboni. Nilimuuliza kama mume wangu alijua.

"Hajui lolote. Yeye nilimwambia tu akae pale penye upepo. Wanaume wataelezwa mambo haya kwa ajili gani?"

Mama mkwe hakuwa mbaya. Nataka hili lijulikane. Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki kati ya wanne, na alifanya kile ambacho mama yeyote wa pwani angekifanya iwapo macho mengi yangeelekezwa kwa mwanawe mara moja. Alimficha asionwe na watu. Kwamba mimi pia ni mtu, nadhani halikumpitia kichwani. Na hakuna mwingine aliyenificha wala kunifunulia, kwa sababu ile ilikuwa kazi ya mama na mama alikuwa kaburini.

Nilikula kitumbua, nikasema kitamu.

Kumwambia baba nilikuwa na nafasi tele. Sikumwambia. Alikuwa ametembea na "Nimeridhia" yangu mji mzima kama mtu aliyeponywa maradhi. Kumnyang'anya kungekuwa na faida gani? Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Tulihamia Tononoka, vyumba viwili na ua. Mume wangu aliondoka asubuhi kwenda kusomesha na kurudi mchana. Alikuwa mtu mpole, mwenye utaratibu. Hakucheka ovyo. Alikunja kanzu zake mwenyewe, na ukimwekea chai alisema ahsante kila mara, hata kama umemwekea mara tatu. Nilimpikia, nikamfulia, nikamjibu aliponisemesha. Nikiwa peke yangu nilikaa uani nikisikia watoto wakicheza mpira kwenye uwanja, na saa zilipita bila kunigusa. Wanawake majirani walisema nina bahati. Nilikubaliana nao.

Siku moja rafiki yake wa Malindi alikuja kututembelea. Nilimsikia sauti kabla ya kumuona, sauti kubwa, ikisifu nyumba, ikiuliza chakula. Nilipeleka kahawa mpaka penye pazia, mume wangu akaipokea, na kabla pazia halijarudi nilimuona. Alinyanyua kofia, akajikuna kwa kidole kimoja, akacheka. Nilirudi jikoni. Nilikuwa nimeogopa siku hiyo kwa miezi, nikidhani kitu kitapasuka, na hakikupasuka kitu. Nilimtazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyoambiwa zamani kwamba itakuwa yake. Nikakuna nazi.

Basi haikupita wiki, tulikuwa tunakula chakula cha jioni, wali na mchuzi wa papa, mume wangu akaniuliza jambo. Sijui lilimtoka wapi. Nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ya kwanza.

"Siku ile kwenye televisheni," alisema, "uliponiona, nilikuwa nafanya nini?"

Sikuwaza. Ningewaza ningesema ulikuwa umekaa tu. Lakini mtu mwenye ganzi hana pa kuchagua maneno, huokota lililo karibu.

"Ulinyanyua kofia," nilisema, "ukajikuna kwa kidole kimoja. Ukatazama huku na huku. Kisha ukacheka peke yako."

Alikuwa ameshika tonge mkononi. Alilirudisha sahanini polepole. Nilimuona anapita njia yote ile mwenyewe, mbele yangu, hatua kwa hatua: nguzo, upepo, mito ya hariri, rafiki yake. Alikuwa mwalimu, hakuwa mtu wa kusomeshwa jambo mara mbili. Nilingoja aniulize. Nilikuwa tayari kumjibu, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuficha.

"Ahaa," alisema. Alinawa mikono, akasema ahsante kwa chakula, akaenda kusali.

Asubuhi alivaa kanzu yake na koti, akachukua mkoba wake. Mimi nilikuwa nimekaa jikoni penye mlango, nikipepeta unga. Alipofika mlangoni pa ua alisimama, akageuka akanitazama. Akaweka mkoba chini. Kisha akanyanyua kofia yake, akaingiza kidole kimoja chini yake, akajikuna. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Na akacheka.

Hakuwa anajua kucheka kwa kujitakia. Kilimtoka kicheko kimoja kifupi, kama mtu anayekisoma ubaoni, na masikio yakamwiva kwa haya. Aliokota mkoba wake, akatoka.

Nilibaki na ungo mapajani. Kwanza nilidhani nimeingiwa na unga machoni. Nililia mpaka majirani wakaja kugonga. Nilimlilia mamangu kwa jina, kilio cha matanga, kilichochelewa kuliko vilio vyote, na wanawake wale wakanishika mikono wakiniuliza nani amefariki.

Hatukulizungumza kabisa, siku ile wala baadaye. Lakini kila asubuhi alipotoka aliweka mkoba chini akanyanyua kofia, na miaka yote hiyo hakuwahi kujikuna vizuri. Mwishoni, hospitalini, mkono wake ulikuwa haufiki tena kichwani. Asubuhi moja nilimuona anaujaribu, unaishia kifuani. Nikamsogelea, nikamnyanyulia kofia mwenyewe, nikamkuna.